Jirani Akisikia Jibu

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya utafiti wa nyumba kwa nyumba huku ughaibuni, Madam Supavaiza, Mkenya mwenzangu mwenye digrii mbili, aliniuliza kama nitaweza kuhoji watu. Mimi wa darasa la saba! Nikamwambia, "Madam, mlango wa kunishinda bado haujatengenezwa."

Tulilinganisha sampuli mbili, yaani nyumba chache zinazosemea nyingi: mtaa wa Frogtown, kwenye waliberali wengi, na mji wa Coon Rapids, upande ambao wahafidhina ni wengi zaidi. Swali lililonivutia lilikuwa hili: "Ukiugua, una jirani wa kukusaidia?" Nilitaka sana kujua ni wapi wanasaidiana zaidi.

Wenzangu walifungiwa milango. Mimi nilifanya kama kwetu, ambako mgeni hupelekwa na mtu anayejulikana. Nilimsalimia jirani kwanza, nikamwomba anisindikize. Milango ikafunguka yote, huku na huko.

Baada ya muda Madam akaniita.

"Baba Njeri, watu wako wote wana wa kuwasaidia! Frogtown ndiyo, Coon Rapids ndiyo. Ulikaa kwa gari ukajijazia majibu?"

"Mimi? Na masikio yameganda kwa baridi hivi?"

"Uliwauliza mbele ya nani?"

Nikamweleza. Akashika kichwa. "Sasa nani atasema hana mtu, na jirani amesimama hapo? Rudi peke yako. Nikikuta ulijitungia, kazi huna."

Nikarudi peke yangu. Coon Rapids, mama mmoja mjane alinikaribisha jikoni. "Siku ile sikuwa na mtu," alisema. "Nilimwonea haya yule jirani uliyekuja naye. Lakini kesho yake alikuja kunizolea theluji, na hajaacha. Andika ninaye." Frogtown, mzee mmoja wa ghorofani aliniambia karibu hayo hayo, ila yeye aliletewa supu.

Madam alicheka mpaka akavua miwani. "Hukudanganya, lakini umeniharibia takwimu, mzee. Hawa wamepata majirani kwa sababu yako, hawahesabiki tena." Akawaondoa wote kwenye hesabu, mimi akanibakisha, kwa sharti nitembee peke yangu. Hata hivyo hakuna aliyenipita kwa kufunguliwa milango.

Magoti yamenistaafisha mapema, nimetulia mji wa Champlin kwenye nyumba niliyojinunulia mwenyewe. Ripoti ilitoka na jibu lake kuhusu pande zile mbili. Mimi bado najiuliza.

Juzi dada mmoja wa utafiti alibisha kwangu na swali lilelile. Nikamwambia angoje kidogo. Nikavaa buti, nikavuka barabara kumwita jirani ambaye hatujawahi kusalimiana.