Megafoni ya Sambaza Kwenye Mtupo wa Mwisho

Mkinikuta sokoni Kamembe mkasikia mtu ananiita "Sambaza", msimuulize yeye sababu, niulizeni mimi mwenyewe, maana kila anayesimulia habari hii anaongeza chumvi yake na mimi nimechoka kusikia eti nililia mbele za watu. Sikulia. (Nililia baadaye, nyumbani, na mlango nilifunga.) Aibu yenyewe siikatai, ni yangu kabisa, na iliyoniletea ni kitu kimoja tu: wivu.

Mimi na Olivier tulipendana tangu mwaka wa kwanza chuoni. Anacheza basketi, jezi namba saba, mrefu, mpole, si mtu wa maneno mengi. Mimi basketi nilikuwa siijui hata kidogo, nilijua tu kwamba mpira ukiingia kwenye wavu tunapiga kelele, na kwamba Olivier akitoka jasho anapendeza, basi. Hayo yalinitosha mpaka alipokuja Nadège.

Nadège ni wa Bukavu. Kila asubuhi anavuka mpaka wa Rusizi II kuja kusoma kwetu, na siku za mechi alikuwa anavuka na vuvuzela ya njano imechomoza nje ya begi, hata askari wa mpakani walishamzoea, wanamuuliza leo mnacheza na nani. Sasa sikilizeni: huyu dada akipuliza, jukwaa zima linaamka. Akiinua mkono wananyamaza, akiushusha wanaanza tena, wanaume wazima na ndevu zao wanamtii. Hayo ningeyavumilia. Nililoshindwa ni hili: kila Olivier akifunga, Nadège anapuliza, na Olivier anageuka, anatafuta jukwaani kwa macho, halafu ananyoosha kidole kimoja juu juu kule kule vuvuzela ilipo. Sikuhadithiwa, niliona, kwa sababu kila mechi nilikuwa nakaa nyuma ya Nadège hasa, safu inayofuata, ili nimchunge vizuri.

Jamani, wivu ni ugonjwa. Nilikuwa nikisikia vuvuzela yoyote barabarani, hata ya watoto, nageuka kumtafuta Nadège. Nilikuwa naangalia nywele za Nadège kwa nyuma mchezo mzima (zilikuwa zimesukwa vizuri sana, na hilo nalo liliniudhi). Siku moja nikamuuliza Olivier, kama mtu asiyejali, kama kelele za mashabiki zinamsaidia kweli. Alikuwa anakula mandazi, akajibu bila hata kuacha kutafuna:

"Sana. Nikisikia ile vuvuzela, najua kwenye nitaangalia."

Eti anajua pa kuangalia! Usoni kwangu, na mandazi mdomoni! Mtu mwenye akili angeuliza swali la pili. Mimi niliondoka na hasira zangu nikaenda moja kwa moja kwa shangazi.

Shangazi yangu, Maman Shukuru, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, na kama wauzaji wengi wa pale aliacha zamani kujichosha koo. Amerekodi sauti yake kwenye megafoni, anaiweka juu ya meza, inaita wateja yenyewe tangu asubuhi, na yeye anapiga stori na majirani. Kwenye soko lile hakuna kinachoishinda kwa kelele. Nikasema hii ndiyo ya kumzima Nadège. Olivier atageuka na kuniona mimi, na kidole kitakuwa changu.

"Unaenda kuifanyia nini?" shangazi akaniuliza.

"Basketi, Maman. Ya kushangilia."

"Aya. Angalia hapa, sikia muzuri. Hii nyekundu ni sirène, inalia kama ya polisi. Hii ya njano ni miye, sauti yangu. Ile ya njano usiifinye, button yake ilikufa, ikianza haisimame mpaka unatoa mapile, betri zake, na mapile niliyafunga na mupira ya baiskeli. Umesikia?"

"Ndiyo Maman, ndiyo Maman," nikajibu, na kichwani nilikuwa tayari namuona Nadège akishusha vuvuzela yake kwa aibu.

Mechi ile haikuwa mechi ya kawaida. Tulikuwa tunacheza na chuo cha kutoka Karongi, na atakayeshinda anakwenda Kigali. Olivier hakuwa amewahi kucheza Kigali, na aliambiwa kule makocha wa timu kubwa wanakuja kuangalia vijana. Wiki nzima alikuwa haongei kitu kingine, yeye asiyeongea. Alikuwa anasema Kigali mpaka anapofunga kamba za viatu.

Kabla ya kuanza, refa akachukua maikrofoni, mzee mmoja mwenye tumbo, akatangaza: "Bashabiki, sikieni. Vuvuzela, filimbi, mégaphone, vyote ni wakati mupira inasimama tu. Mutu akisumbua na iyo vyombo muchezaji mwenye iko natupa, timu ya uyo mutu ndiyo italipa." Watu wote walisikia. Mimi nilikuwa namwangalia Nadège akiipangusa vuvuzela yake kwa leso, na maneno yalipita pembeni ya masikio yangu. Megafoni ilikuwa mapajani, nimeifunika kwa kitenge, nasubiri saa yangu.

Saa yangu ilikuja mwishoni kabisa. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, sekunde zimebaki kidogo tu, Olivier anakimbia kwenda kufunga, jamaa wa Karongi akamgonga akaanguka. Refa akampa mitupo miwili ya adhabu. Nadège akainua mkono, na jukwaa letu lote likanyamaza, kimya mpaka unasikia pikipiki kule chini barabarani.

Ninyi mnaoijua basketi mmeshaelewa. Adui akitupa ndiyo unapiga kelele upasuke. Mtu wako akitupa unafunga mdomo, hata kukohoa unajizuia. Mimi nani aliniambia? Nilichoona mimi ni kwamba Nadège amechoka, pumzi zimekwisha, na Olivier ameachwa peke yake pale mbele ya kikapu hana wa kumtia moyo. Masikini mpenzi wangu! Akatupa wa kwanza, ukaingia, tukawa sawa sawa. Watu wakapiga makofi harakaharaka wakanyamaza tena. Na hapo Olivier akageuka, akainua macho upande wetu, akanyoosha kidole. Kwa Nadège, tena bila hata vuvuzela!

Damu ilinipanda kichwani. Akawa anadundisha mpira, moja, mbili, akakunja magoti, akainua mikono, na mimi nikatoa megafoni ndani ya kitenge, nikaielekeza uwanjani, nikafinya nyekundu.

Ule mlio hauelezeki. Olivier aliruka. Mpira ukagonga chuma ukaenda zake pembeni, na watu wote, wetu na wao, wakageuka kuniangalia. Nikaona macho yao, nikashikwa na woga, nikatafuta pa kuizimia, na kidole changu kikaangukia ya njano.

"Bamaman! Sambaza ni hii! Haiko ya jana! Mukuje mbio, iko naisha!"

Sauti ya shangazi, kubwa, safi, uwanja mzima. Halafu ikarudia. Nikafinya nyekundu, nikafinya njano, nikaipiga kofi. Haiko ya jana! Nikaifunika kwa kitenge. Mukuje mbio! Mwisho nikaikalia. (Msicheke. Nilikuwa nimeishiwa mbinu.) Ikawa sasa shangazi anaita watu kutoka chini yangu, na mashabiki wa Karongi, mnawajua hao, wakaanza kumjibu kwa pamoja: "Sambaza! Sambaza!" wakipiga miguu.

"Zima iyo kintu!" Nadège alikuwa amegeuka, macho yamemtoka.

"Haizimiki!"

"Nipe!"

Akainyofoa chini yangu, akauona ule mpira wa baiskeli, akaung'ata kwa meno, ukakatika, mapile yakamwagika yakashuka ngazi moja moja mpaka uwanjani, moja likasimama karibu na kiatu cha refa. Sauti ya shangazi ikakatika. Refa akalitazama, akanitazama, akapuliza filimbi. Karongi wakapewa mtupo wa adhabu kwa sababu yangu. Watu wetu walijaribu kumzomea yule mtupaji kwa midomo, lakini nusu yao walikuwa wanacheka machozi. Mpira ukaingia. Sekunde zilizobaki hazikututosha hata kuvuka katikati ya uwanja.

Nilimsubiri Olivier getini. Alikuja wa mwisho, begi begani, hakunifokea, na ni bora angenifokea.

"Kigali, Espe," akasema.

"Nilitaka unisikie na mimi. Kila siku ni Nadège tu, kila siku kidole ni kwa Nadège, unadhani sioni?"

Akaniangalia kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ya kigeni.

"Nadège? Iyo kidole ilikuwa ya weye. Tangu mechi ya kwanza. Kule juu bantu beko bengi, siwezi kukuona mbio. Nasikia vuvuzela, naangalia kwenye inatoka, na weye uko nyuma yake tu. Kila siku uko palepale. Nilizani unajua."

Akaenda zake kwa miguu, na mimi nikabaki pale na megafoni isiyo na mapile. Vidole vyote vile, mechi zote zile, vilikuwa vyangu, na mimi nilikuwa nachungulia nywele za mtu.

Nadège alipita, vuvuzela kwapani, akasimama kidogo. "Ungeniambia unataka," akasema, "ningekupatia upulize." Akaondoka kuwahi mpaka kabla haujafungwa. Hata hilo lilinikera, kwamba ana roho nzuri.

Aliyefurahi ni shangazi peke yake. Basi la Karongi lilisimama sokoni kabla ya kurudi kwao, mashabiki wakashuka wanauliza yuko wapi yule wa haiko ya jana, wakamaliza beseni zote. "Mechi ingine ni lini?" akaniuliza, anacheka mpaka anashika meza.

Olivier alikaa muda mrefu bila kuniongelesha, na nilimwelewa. Siku moja akaja nyumbani na mandazi kwenye karatasi, akaketi, akanipa moja, akasema msimu mpya unaanza. Niliapa palepale kwamba sitashika tena kitu chochote chenye button uwanjani, wala vuvuzela, wala filimbi, mikono yangu miwili inatosha. Kila timu inayokuja sasa, Olivier akisimama kwenye mtupo wa adhabu, mashabiki wao wanaimba "Sambaza!" na yeye anatabasamu kidogo kabla ya kutupa, na mara nyingi anafunga.

Siku hizi nakaa safu ya juu kabisa, mwisho wa benchi, mbali na Nadège, mgongo wangu umegusa ukuta. Jumamosi iliyopita alifunga, akageuka, akainua macho mpaka kule juu, akanyoosha kidole. Na mimi, Mungu anisamehe, niligeuka kwanza kuangalia ni nani amekaa nyuma yangu. Ulikuwa ni ukuta tu. Ndipo nikampungia mkono.