Kadi ya glita ilivyotaka kuniponza kwa kesi ya dhahabu hapa Mwakitolyo

Habari za majukumu wakuu.

Haya yamenikuta mwenyewe, na chumvi sijatia hata punje.

Mimi ni mwanaume mtu mzima, nina ndevu, na natengeneza kadi za mkono. Wachimbaji wa dhahabu wa hapa wananicheka sana, halafu kipaimara cha watoto wao kikikaribia wanakuja wapole. Nimezoea.

Kwa wasioijua hii kazi: mihuri nachonga kwenye soli za kandambili kuukuu. Nikitaka kopa libaki jeupe, nalikata kwenye masking tape, nalibandika, napigapiga wino kwa sponji juu yake, kisha nabandua. Mwisho napaka gundi na kunyunyizia glita, ule unga unaometameta. Huku inapendwa ya rangi ya dhahabu, sijui kwa nini.

Gundi inatakiwa ikauke mpaka kesho yake, ukung'ute, ndipo uuze.

Siku hiyo sikusubiri.

Alikuja Baba Neema, mchimbaji, mtu asiye na maneno mengi. Mkewe alikuwa amebaki kwao Nkome tangu msiba wa baba yake, amegoma kurudi. Baba Neema hakwenda kumzika mkwewe, kwa sababu wiki hiyo duara lao, yaani shimo wanalochimba, lilikuwa linatema dhahabu. Kwa watu wa huku hilo si kosa dogo.

Alitaka kadi ya kuomba radhi, saa hiyo hiyo, ili akitoka zamu ampe dereva wa basi. Nikampa mbichi, kwenye bahasha yenye muhuri wangu na namba ya simu. Akaitia mfuko wa shati, akaenda kazini.

Mchana simu ikaita.

"Mwenye huu muhuri ni wewe?"

"Ni mimi mkuu."

"Mzigo wako tumeukamata. Njoo."

Nikaenda nikidhani ni oda.

Duarani kila anayetoka anakaguliwa. Nikamkuta Baba Neema amekalishwa chini, shati, shingo na kidevu vinang'aa kwa glita iliyovuja. Wenzake wamemzunguka. Mwizi wa duarani hafukuzwi tu wakuu, kwanza anapigwa. Bahasha walikuwa wamemnyang'anya ila hawajaifungua, walitaka mnunuzi wa hiyo dhahabu ya wizi awepo. Mnunuzi ndiye mimi.

Baba Neema hakuwa amejitetea. Baadaye aliniambia aliona heri aitwe mwizi kuliko kadi ile isomwe.

Niliogopa, sifichi. Nikamwambia msimamizi wa duara, "Mkuu, hiyo ni kadi. Fungua usome."

Akafungua, akasoma kwa sauti. "Mama Neema, nimekosa. Sikuja kumzika baba. Niliogopa kuomba ruhusa..."

Hapo sauti ikapungua. Mtoa ruhusa ni yeye. Sehemu iliyobaki akaisoma kimoyomoyo.

Wanaume kama ishirini, na hakuna aliyecheka. Nadhani kila mmoja alikuwa na msiba wake aliouruka.

Mwosha mawe mmoja akasema, "Yaya, hapana, msisumbuke. Dhahabu inazama." Akaichovya kadi kwenye karai la maji, akaisugua kwa bidii. Glita yote ikaelea. Wino ukatoka, kopa langu likawa uji.

Baba Neema akaachiwa. Nikamwambia nitamtengenezea nyingine. Msimamizi akasema bila kumwangalia, "Nenda Nkome leo."

Akaenda mikono mitupu. Maneno yake yalishasikika mbele ya wanaume ishirini, kuyasema mbele ya mke mmoja hakukumshinda tena.

Wiki iliyofuata Mama Neema akapita kibandani kwangu, amembeba Neema mgongoni. Nikamsimulia habari za ile kadi, glita, kopa na kila kitu, nikijisifu kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, ingekuja hiyo kadi ningewashia moto."

Funzo linaniharibia biashara lakini nalisema: radhi ya msiba hupelekwa kwa miguu.

Nani humu ameshawahi kuomba radhi kwa karatasi, na ilipokelewaje? Tuambieni, ila wa matusi mpite kimya.