Kusubiri Koo la Bunduki

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nasema mapema ili tusisumbuane baadaye. Nikiwa fundi wa kukereza vyuma kule Kariobangi, Nairobi, nilishawahi kumrushia mteja bolti yake mlangoni kwa sababu aliniambia imepinda. Ilikuwa imepinda kweli. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Doha nilifika kama soja wa lango, miaka ya mwanzo ya elfu mbili na kumi, kwenye klabu moja ya kulenga shabaha. Nilisimama langoni miezi minane nikisalimia magari. Halafu siku moja mtu akaniona nikimsahihisha mwenzangu jinsi ya kushika maikromita ya kupimia vyuma, na wiki iliyofuata nikahamishiwa karakana ya silaha kuwa msaidizi. Jamani, nilishukuru! Karakana ilikuwa na kiyoyozi, na kazi ilikuwa ya vyuma. Nilidhani nimefika. Sikujua bado kwamba nitafanya kazi na Fundi.

Fundi alikuwa mtu wa Tanga, mstaafu wa jeshi aliyetengeneza silaha maisha yake yote. Mpole wa maneno, mgumu wa mambo. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na mimi nilitamani apige ili nami nipate nafasi ya kupiga zangu. Aliniita Mkenya, kana kwamba mama yangu hakunipa jina.

"Mkenya, chuma hakishindani nawe," alikuwa akiniambia nikilazimisha kitu. "Hebu kitulize, wewe nawe utulie."

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuwa akiivunja: anayepima koo ndiye anayepiga risasi ya kwanza. Nieleze. Risasi ikitoka kwenye ganda lake, kabla haijaingia kwenye mtutu wenyewe, hupita mahali pafupi panapoanza kubana. Hapo ndipo koo la bunduki. Bunduki za kisasa koo zake zinafanana, lakini zile kuukuu kila moja ina lake, kwa jinsi ilivyotengenezwa na ilivyotumika. Za namna hiyo tulizisubia risasi sisi wenyewe kwa kalibu, kisha tukazipitisha kwenye pete ya chuma ili zilingane na koo. Risasi ikiwa nyembamba, moto unapita ubavuni na shabaha inapotea. Ikiwa nene, inakwama, na baruti ikishawaka haijui kusubiri. Kwa hiyo Fundi alisema, aliyepima aweke shavu lake mwenyewe kwenye kitako cha bunduki kabla mwenye mali hajaweka lake.

Bunduki ninayoikumbuka ilikuwa ya mzee mmoja wa Kikatari kutoka upande wa Al Wukair. Ilikuwa ya baba yake. Baba alimwahidi atamfundisha kuipiga akifikisha umri, akafariki kabla. Bunduki ikakaa sandukuni zaidi ya miaka hamsini, na mzee hakuwahi kuipiga hata mara moja. Sasa ilikuwa inaenda jumba la makumbusho, na kule wangeitoa pini ya kufyatulia ili isilie tena. Jumapili alasiri ndiyo ilikuwa nafasi yake. Jumatatu asubuhi inachukuliwa.

Fundi akanipa mimi kazi ya kupima koo. Nilivimba kichwa, sikatai.

Kupima koo, tulikuwa na madini fulani laini, yanayoyeyuka hata kwenye maji ya moto. Unaziba mtutu kwa kitambaa, unamimina madini sehemu ya koo, yakiganda unayasukuma nje, na unabaki na umbo kamili la koo mkononi. Lakini madini yale yana tabia yake. Yakipoa hunywea, halafu huanza kuvimba tena polepole, na hayaachi. Ni baada ya saa moja tu tangu umimine ndipo yanakuwa sawasawa na koo lenyewe. Ukipima mapema yanakudanganya, ukichelewa yanakudanganya pia. Fundi alinieleza hayo mara tatu, na mara ya tatu nikamwambia, "Mzee, nimesikia, mimi si mtoto."

Sasa Ijumaa kule ndiyo ilikuwa Jumapili yetu Wakristo. Ibada ni Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko. Mimi nilikuwa naimba besi kwenye kwaya, na besi tulikuwa wawili tu. Ijumaa ile nikaingia karakana asubuhi peke yangu, nikamimina saa tatu na nusu, nikalisukuma umbo likatoka safi kabisa. Basi la kanisa lilikuwa linaondoka saa nne kasoro robo. Nikaangalia saa, nikaangalia lile umbo mezani, nikajiambia, aah, chuma ni chuma, kitaenda wapi? Nikaenda kuimba. Baada ya ibada tukapitia mtaa wa Fereej Bin Mahmoud kula chapati na maharagwe kwa Mganda mmoja, na siku ikaisha hivyo.

Nilipima Jumamosi. Na kwenye daftari, mahali pa kuandika muda tangu kumimina, niliandika: saa moja. Nikafunga daftari.

Nikachagua pete kwa kipimo kile, nikapitisha risasi thelathini. Kumi nikampa Fundi azitie kwenye maganda na baruti, maana baruti ilikuwa kazi yake peke yake. Kabla ya kufunga karakana, nikajaribu moja isiyo na baruti, kama tulivyofanya siku zote. Komeo la bunduki lilikataa kufunga. Nikalipiga kiganja, likafunga. Nilipolivuta, ganda likatoka peke yake. Risasi ilikuwa imebaki kooni.

Nikaisukuma na fimbo ya kusafishia, nikaitia mfukoni, nikaosha mikono. Niliogopa, nisidanganye mtu. Lakini kumwambia Fundi kwamba mara tatu alizonieleza zilikwenda bure? Baada ya kumwambia mimi si mtoto? Nikajifariji kwamba labda ni ile moja tu. Na kama si ile moja, basi kesho anayepiga ya kwanza ni mimi. Shavu ni langu, uso ni wangu. Liwalo na liwe. Ndivyo kiburi kinavyofikiri, na wakati ule niliona ni ujasiri.

Jumapili mzee akaja na binti yake, mama mtu mzima aliyebeba birika la gahawa, ile kahawa yao, na vikombe kwenye kikapu. Mzee alivaa thobe, kanzu yao, nyeupe na mpya. Mikono yake ilikuwa mikavu na myembamba. Aliishika ile bunduki akainusa kwanza, kwenye kitako, kisha akacheka peke yake.

Mimi nikasogea kulala kwenye mkeka, tayari kwa yangu. Mzee akanyoosha mkono, akanizuia, akaongea na Fundi kwa Kiarabu. Fundi akasikiliza, akajibu, akatikisa kichwa, mzee akarudia.

"Anaomba ya kwanza iwe yake," Fundi akaniambia. "Nimemweleza sheria yetu. Anasema risasi ya kwanza baada ya baba yake haiwezi kupigwa na mtu mwingine." Akanitazama. "Koo umelipima vizuri, Mkenya?"

Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, nilisema ndiyo.

Mzee akalala kwenye mkeka, taratibu, bintiye akimshika kiwiko. Fundi akachukua risasi ya kwanza kutoka kwenye kisanduku. Mzee akavua miwani yake, akavaa ile ya kinga, akaweka shavu pale kwenye mbao, na akafumba jicho moja kwa nguvu kama mtoto anayefundishwa. Lilikuwa shavu la mtu wa miaka sabini na kitu, limenyolewa vizuri kwa ajili ya siku hiyo. Nikaliona lile shavu na nikashindwa.

"La! La, baba!" nikapiga kelele. "Fundi, simamisha! Sikupima kwa wakati! Nimepima Jumamosi, risasi ni nene, moja ilikwama jana kooni, hii hapa!"

Nikaitoa mfukoni. Nilikuwa nimeibeba siku nzima, sijui kwa nini.

Fundi alimwondolea mzee bunduki kwa heshima, akaichukua ile risasi kiganjani mwangu, akaitazama pande zote. "Lahaula," alisema, polepole. Halafu: "Na ulikuwa unataka kulala pale, uipige na uso wako?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mjinga wewe." Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia sauti ikipanda. "Mjinga mkubwa! Mama yako ningemwambia nini?"

Nililia. Niseme tu, nililia, mbele ya mwanamke na birika lake. Nilijua kazi imekwisha, na mzee wa watu nimemharibia siku yake aliyoingoja miaka hamsini.

Fundi akamweleza mzee yote, hakunificha hata kidogo. Mzee akasikiliza akiwa amekaa kwenye mkeka, akauliza swali moja.

"Anauliza inahitaji muda gani kupima sawasawa," Fundi akasema.

"Saa moja," nikajibu.

Mzee akanyoosha mikono ainuliwe. Tukaingia karakana wote wanne. Nikamimina upya, Fundi akisimama nyuma yangu, nikalisukuma umbo nje, nikaliweka mezani kwenye kitambaa. Kisha tukakaa. Bintiye akamimina gahawa. Mzee aliweka saa yake ya mkononi kando ya lile umbo na kulitazama kama mtu anayelinda maziwa jikoni. Nilikuwa sijawahi kukaa saa nzima bila kugusa kitu. Nilikunywa vikombe sita, kwa kuwa sikujua kwamba ukitosheka unatakiwa kukitikisa kikombe, na mama yule akaendelea kunijazia hadi Fundi akaanza kucheka. Hapo ndipo nikaanza kupumua.

"Haya," Fundi akasema, saa ilipotimia. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Pima."

Nikapima mara nne. Ilihitajika pete ndogo kuliko ile niliyoitumia. Nikapitisha risasi kumi na moja, Fundi akatia kumi baruti. Safari hii ile ya majaribio iliingia na kutoka nzima, komeo likifungwa kwa kidole kimoja.

Jua lilikuwa limeshuka tuliporudi uwanjani. Nikaenda kwenye mkeka kulala, maana sheria ni sheria, na safari hii nilikuwa nimepima kweli. Mzee akanigusa bega na kunisogeza kando, akalala yeye. Nikamwangalia Fundi. Fundi akamwangalia mzee, akafungua mikono kama kusema, basi.

Ikalia.

Ililia safi, kavu, mara moja. Mzee hakuinuka. Alibaki na shavu lake pale pale kwenye mbao, zima, jekundu kidogo, akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Nikakaa mchangani kama gunia.

"Amesema nini?" nikamuuliza Fundi.

Fundi alikohoa kwanza.

"Anasema inapiga bega vile vile baba yake alivyomwambia."

Kisha akanisukuma kwa ncha ya kiatu. "Inuka, Mkenya. Zimebaki tisa, na anataka moja upige wewe."