Ngazi Kati ya Ndugu Wawili

Ofisini walimwita Ngazi, naye mwanzoni alicheka nao, kwa kuwa jina lilimkaa. Ofisi ile ya mawakili ilikuwa ya ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, walionuniana tangu walipogombania jina la nani litangulie kwenye bango la mlangoni. Mkubwa alikaa juu, Mdogo alikaa chini, na kati yao kulikuwa na ngazi za saruji zilizolika katikati kwa viatu vya huyo katibu wao.

"Kamwambie huyo wa chini," Mkubwa husema bila kuinua macho.

"Kamwambie huyo wa juu," naye Mdogo hurudisha.

Mawakili vijana walijifunza upesi. Ukionekana juu mara nyingi, chini hupewi kesi; ukicheka na wa chini, juu husalimiwi. Wenye akili zao waliondoka. Waliobaki walijua kununa kwa zamu.

Ngazi ndiye aliyekuwa akiiendesha ofisi, ingawa hakuna aliyemtuma. Hakuna neno lililopita mikononi mwake likafika kama lilivyotoka. Mkubwa akisema, "Mwambie huyo punguani bili zake zinanuka," Ngazi alishuka, akasimama kwenye kona ya ngazi panapowekwa ndoo na fagio, akaliosha neno, kama walivyosema kwa siri wenzake wa ofisini, kisha akaingia nalo kwa Mdogo: "Kaka anaomba mzipitie bili pamoja, ukipata nafasi." Mdogo akijibu, "Akafie mbele," juu ilifika, "Amekubali, Mzee, ila leo amebanwa kidogo."

Mumewe, fundi cherehani ambaye macho yalianza kumtupa, alimsikiliza jioni huku akitafuta tundu la sindano kwa ncha ya kidole.

"Siku wakipatana watakupa nini?"

"Umeneja wa ofisi. Kila mmoja anasema mwenzake akikubali, yeye hana neno."

"Wamesema hivyo, mke wangu, au ndivyo ulivyowaosha?"

Alimpokonya sindano, akamtungia uzi. Mshahara wa umeneja ndio ungempeleka mumewe kwa daktari wa macho, na bila daktari cherehani ile ingegeuka meza. Kwa hiyo aliwaombea wapatane kila siku, kama mtu anavyoombea mvua shambani kwake.

Wakaja wafanyakazi waliofukuzwa kiwanda cha sabuni. Walipanda juu, Mkubwa akawapokea. Haukupita muda, mwenye kiwanda naye akaingia mlango wa chini, viatu vinang'aa, akimtaka Mdogo. Wakili yeyote anajua ofisi moja haikai pande mbili za kesi, na Mdogo hakuwa mjinga.

"Kamuulize huyo wa juu kama ana mtu kwenye mambo ya kiwanda cha sabuni."

Mkubwa aliruka kitini. "Kamwambie waliofukuzwa ni wateja wangu. Akimgusa huyo mwenye kiwanda, nampeleka mwenyewe mbele ya kamati ya nidhamu, avuliwe joho, akauze karanga. Na ofisi naivunja."

Pale kwenye ndoo na fagio Ngazi alikaa sana. Neno hili halikuosheka. Akaitoa kamati, akalitoa joho, akazitoa karanga. Alitoa miba yote hata nyama ikaondoka nayo. Alipofika chini alisema, "Kaka anasema hiyo ya kiwanda uende nayo taratibu."

Alimaanisha ajizuie. Mdogo alisikia *uende nayo*. Akaenda nayo.

Mahakamani Mkubwa alisimama akasema anawawakilisha wadai. Mdogo akasimama upande wa pili, akasema anamwakilisha mdaiwa. Jaji alizitazama hati mbili zenye mhuri wa ofisi moja.

"Wasomi," aliuliza, "leo mmeamua kujishtaki wenyewe?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jaji akawaondoa wote wawili kesini, na wateja wakaondoka na kesi zao.

Ndugu wale walirudi kwa gari moja. Walipanda juu pamoja, na Ngazi, aliposikia sauti mbili nyuma ya mlango mmoja, moyo ulimruka kwa furaha. Akajifuta uso, akanyoosha sketi. Akaitwa.

"Mama," alianza Mdogo, kwa ule upole wake wa kuhoji mashahidi, "siku ile kaka alikutuma useme nini? Neno kwa neno."

Alisema. Mdogo akamgeukia kaka yake. "Kweli ungenivua joho?"

"Na suruali."

Mdogo akacheka. Wakaanza kumhoji kwa kupokezana, huyu akiacha yule anadaka.

"Ile ya bili nilisemaje?"

"Kwamba zinanuka, Mzee."

"Naye akajibu?"

"Akafie mbele."

Mkubwa alipiga meza kwa kicheko. Walitaka yote, na ya miaka yote. Ngazi akamwaga, na jinsi alivyoyaosha, akiamini kila ukweli unaotoka unampunguzia kosa. Lakini kwa kila tusi ndugu wale walisogeleana, hata Mdogo akawa amekaa kwenye mkono wa kiti cha kaka yake, kama walivyokaa utotoni.

"Nilitaka mpatane tu," alisema.

"Tumepatana," alisema Mkubwa. "Sasa wewe wa nini?"

"Alikuwa akingoja umeneja, kaka."

"Umeneja?" Mkubwa alifuta machozi ya kicheko kwa tai. "Mama, ulidhani unatuongoza? Wewe ulikuwa ngazi tu, tukikukanyaga kwa uvivu wa kusema wenyewe. Funguo mwachie mhasibu. Na ukitafuta kazi kwingine usitutaje, tutaulizwa, na sisi tumeacha kuosha maneno."

Chini wenzake wa ofisini walikuwa wamejipanga kumngoja, mhasibu mbele.

"Vipi huko?"

"Wamepatana," alisema Ngazi. "Wamesema nipumzike kidogo."

"Hilo nalo umeliosha," mhasibu alimuuliza, "au limeshuka hivyo hivyo?"

Walicheka, hata vijana aliokuwa akiwaombea ruhusa za kwenda kuuguza mama zao. Ngazi aliziweka funguo mezani. "Wamesema nilikuwa ngazi tu," alisema, "wakinikanyaga kwa uvivu wa kusema wenyewe."

Mhasibu alizipekua funguo moja moja.

"Wa choo cha wakubwa uko wapi?"