Mbuzi wa Komunyo Yangu

Kila nikisikia harufu ya ubwabwa wa mchele mpya, mate hunijaa mdomoni na aibu hunishika papo hapo. Msinicheke, ngojeni niwasimulie.

Nilikuwa na miaka kumi, tukikaa Mlabani pale Ifakara, na Jumapili ile ningepokea Komunyo ya kwanza. Baba alikuwa katekista. Nyumba ya pili alikaa Mzee Athumani, ambaye tangu nipate akili ndiye aliyetuchinjia kuku wa sikukuu na mbuzi wa harusi, ili majirani Waislamu nao wale. Bintiye Zuhura alikuwa shoga yangu. Tulikwisha kuahidiana kugawana ini la mbuzi wa sherehe yangu.

Wiki hiyo mjomba alikuja kutoka mashamba ya miwa na kaseti ya mhubiri mmoja. Betri za redio zikaanikwa juani zipate nguvu, na jioni sebule nzima ikasikiliza Waislamu wakitukanwa kwa sauti tamu. Watu walicheka. Nami nikacheka, nikadaka neno moja ambalo sitaliandika hapa. Kesho yake, tulipogombania foleni bombani, nikamtupia Zuhura neno lile. Alijitwisha ndoo yake ikiwa nusu, akaondoka.

Habari zilifika kwa baba kabla ya maji yangu. Nikasubiri fimbo, haikuja. Jumamosi asubuhi mjomba akasema safari hii tuchinje wenyewe, kwani hatuna mikono? Baba akaniita mbele ya wote.

"Nenda kwa Mzee Athumani. Omba radhi, kisha mwambie aje atuchinjie."

"Akikataa, baba?"

"Basi wageni watakula maharage. Huwezi kwenda kwenye meza ya Bwana wakati jirani yako hawezi kula kwenye yako."

Nyumba ya pili ikawa mbali kama Mahenge. Nilimkuta kibarazani na tasbihi yake.

"Shikamoo, baba Zuhura."

"Marahaba."

Nikalia kwanza, ndipo nikasema yote, na neno lenyewe.

"Neno hilo si la ukubwa wako, mwanangu. Umeliokota wapi?"

Nyuma yangu sauti ikajibu, "Kwangu, mzee mwenzangu. Sebuleni kwangu. Utusamehe." Baba alikuwa amesimama pale, kofia mkononi.

Mzee Athumani akashusha pumzi. "Hata kwetu zimeletwa kaseti za kuwatukana ninyi. Nimewaambia vijana msikitini, watu tunaowachinjia mbuzi, tutawatukanaje?" Kisha akaita, "Zuhura! Niletee kisu."

Jumapili, ubwabwa wa mchele mpya ukipakuliwa, Zuhura alikuja amenuna, akakaa mbali nami na gauni langu jeupe. Nikampelekea ini lote, ingawa roho iliniuma. Akalitazama weee, akalikata katikati, akanisogezea kipande kikubwa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba alinifuata siku ile ili kunibebea aibu yangu, kama wazazi wafanyavyo. Nilikwisha kuwa mama wa watoto nilipoikumbuka vizuri jioni ya kaseti. Baba naye alikuwapo sebuleni, amekaa karibu kabisa na redio. Hakucheka hata mara moja. Lakini hakuizima.