Kigae Kilichoinuka

Sogeeni karibu, na mwenye redio aizime kidogo.

Nilikuwa Kangemi kwa dada yangu, mjane, siku fundi alipomaliza kubadilisha vigae vya jikoni. Dada alipitisha mguu mlangoni, akaurudisha, akaupitisha tena.

"Kile kilichoinuka kiko wapi? Si nilikwambia ukiache?"

"Mama, hiyo ilikuwa imepinda. Watu wakiiona watasema ni mimi niliweka."

"Aliweka mzee wangu. Kila asubuhi najikwaa hapo, namgombeza kidogo, halafu naweka chai. Sasa nitamgombeza nani?"

Fundi aliitazama sakafu yake iliyonyooka. Akaenda kupekua gunia la takataka, akarudi na kile kigae, pembe imevunjika, akapiga magoti.

"Ilikuwa imeinuka upande gani?"

Dada akamwonyesha kwa kidole cha mguu.

Mafundi wengi hugombezwa kwa kupinda. Huyu aligombezwa kwa kunyoosha.

Dada ametutoka. Kijana wake alirithi nyumba, sufuria zikaenda kwa binti. Mimi nilipewa kigae. Nimekiweka mlangoni pangu, na asubuhi nikijikwaa, nawagombeza wote wawili.