Jumapili za Mukuju

Mwaka ule binti yetu alipoanza chekechea, mke wangu alipata rafiki. Nasema alipata, kama mtu anavyopata homa au anavyopata kazi, maana vyote viwili vilikuwamo: joto la siku za kwanza, na saa za kuondoka nyumbani.

Walikutana katika soko la Tororo. Mke wangu anauza vitenge. Hutoka hapa Busia alfajiri na marobota yake, hurudi jua likizama. Siku hiyo mvua ilishuka kutoka upande wa Mwamba, ule mlima wa jiwe ulio juu ya mji, bila kumwonya mtu, na mwanamke aliyekuwa akiuza nafaka ya wimbi meza ya pili, ambaye hawakuwa wamewahi hata kusalimiana, alivuta turubai lake lote akafunika vitenge. Wimbi lake likalowa.

"Wimbi nitaanika," alimwambia mke wangu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Lakini rangi ikichuja, wewe naanika wapi?"

Mke wangu alinisimulia maneno hayo mara tatu jioni ile. Mara ya tatu nilijua kwamba nyumba yetu ya watu watatu imepata mtu wa nne.

Rafiki huyo alikuwa mjane wa Mukuju, mkulima, amemzidi mke wangu miaka kama kumi, na alicheka kwa mwili mzima. Nilimpenda. Hilo nilitaje mapema ili nisieleweke vibaya. Alipokuja kwetu alileta simsim ya kusaga, akamfundisha binti yetu kupiga mluzi, akaniuliza kitabu ninachoandika kinahusu nini, na nilipomweleza akasema, "Pole, shemeji." Mtu wa namna hiyo huwezi kumchukia.

Lakini alichukua Jumapili.

Kabla yake, Jumapili ilikuwa yetu. Tulirudi kutoka kanisani, tukala matoke na mchuzi wa karanga, kisha mke wangu akajilaza kwenye mkeka chini ya dirisha na mimi nikamsomea kurasa nilizoandika wiki ile. Hakuwahi kunisifu. Akipendezwa alifumbua macho, akichoshwa alilala. Niliandika wiki nzima nikiyatafuta macho yale. Sasa, ibada ikiisha, alikuwa tayari amefunga kitambaa kichwani, ameshika mfuko, anaulizia boda.

"Mama ameenda wapi?" binti yetu aliniuliza.

"Mukuju."

"Tena?"

"Tena."

Tukapika wawili. Nikamsomea yeye kurasa zangu. Aliuliza kama kuna simba ndani. Hakukuwa na simba.

Kisha mke wangu akanunua mtamba, akampeleka Mukuju kwa rafiki yake. Kwetu hilo si ajabu. Mtu wa mjini asiye na malisho humweka ng'ombe wake kwa rafiki: rafiki anachunga, maziwa ni yake, ndama watagawana. Lakini watu wa hapa hawafanyi hivyo kwa ajili ya ndama tu. Wanafanya ili kuwe na njia kati ya nyumba mbili, na njia hiyo haiwezi kuachwa ikaota nyasi. Sasa mke wangu alikuwa na sababu ambayo hata mchungaji wa kanisa letu angeikubali. Ng'ombe ana kupe. Ng'ombe amekataa kula. Ng'ombe anakaribia kupandwa.

"Huyu ng'ombe anakuona kuliko mimi," nilimwambia.

"Yeye hanisomei vitabu," akajibu, akicheka, akifunga viatu. Kisha akaniangalia vizuri. "Wewe una wivu. Na unamwonea wivu mwanamke!"

"Sina wivu. Nasema tu nyumba iko kimya. Mtoto anauliza."

"Nitamletea mtoto maziwa."

Na aliyaleta, lita mbili, bado yana harufu ya moshi wa kibuyu.

Hapo ndipo nilipopata wazo, na lilinijia kwa utamu ule ule wa wazo la sura mpya, kwa hiyo nililiamini. Mama yangu anakaa Buhehe, karibu tu, na ana nyasi kuliko anavyohitaji. Ng'ombe akihamia Buhehe, Mukuju itabaki kuwa rafiki peke yake, bila kupe, bila kupandwa, na Jumapili itarudi nyumbani. Sikumwambia mke wangu. Nilitaka iwe zawadi, au nilijidanganya hivyo. Siku ya katikati ya wiki, yeye akiwa sokoni, nilinunua kamba mpya, nikapanda gari hadi Tororo, na kutoka hapo boda hadi Mukuju, kamba nimeiviringa begani kama mtu anayejua anachofanya.

Rafiki wa mke wangu alikuwa shambani akipalilia wimbi. Alininyooshea mkono wa furaha kutoka mbali. Kisha akaiona kamba, na mkono ukashuka.

"Shemeji, karibu," alisema alipofika. "Lakini hiyo kamba weka chini kwanza. Kaa, kunywa maji."

Nilibaki nimesimama, kamba begani. Nilieleza habari za nyasi za Buhehe, jinsi kulivyo karibu, jinsi mke wangu anavyochoka na safari. Majirani wawili walitoka wakasimama kwenye uzio. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yeye ndiyo natuma wewe?"

Sikujibu. Ningeweza kusema hapana. Ni neno fupi. Nilitazama miguu yangu, na kimya changu kikasema ndiyo.

Hakubishana. Alikwenda akamfungua mtamba, akampangusa mgongo kwa kiganja, polepole, kisha akanipa. Hata pikapu niliyokodi pale senta, penye maduka, ilipoondoka, nilimwona bado amesimama njiani, jembe mkononi.

Mama yangu aliposikia gari Buhehe alitoka jikoni akipangusa mikono. Alimwona ng'ombe, akashika kifua.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni ng'ombe wa mkeo." Mama humwita mke wangu mkewe, kama mama wakwe wa kwetu wanavyofanya, na mimi hutumia neno hilo nikitaka kumlainisha. Safari hii hakulainika.

"Ng'ombe wa urafiki anarudi mtu akifa, au urafiki ukifa. Rafiki mwenyewe ndiye aliyemleta?"

"Nilimfuata mimi."

"Na kamba?"

"Na kamba."

"Wewe!" Mama alipiga makofi mara moja, kwa nguvu, kuku wakatawanyika. "Uliingia boma la mjane na kamba mkononi, kama mtu wa mnada! Umezaliwa hapa wewe, au tulikuokota kwenye kitabu?"

Ningekuwa mgeni wa nchi hii ningesamehewa. Lakini nilizaliwa Buhehe. Tangu utoto nilijua kwamba ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki haendewi na kamba. Unakwenda mikono mitupu, unakaa, unakula, na mwenye boma akiona vema anatoa kamba yake mwenyewe. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu, na nililisahau kwa sababu nilikuwa nimeshughulika sana kujihurumia.

"Ukimtaka mke wako, mwambie mke wako," mama alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Ng'ombe amekukosea nini?"

Mke wangu alirudi jioni akiwa ameshajua. Meza ya rafiki yake sokoni ilikuwa tupu siku zile kwa sababu ya palizi, lakini habari haihitaji meza. Alikuwa amempigia rafiki yake simu mara nyingi, haikupokelewa. Alikaa kwenye kiti bila kuvua kitambaa.

"Anadhani mimi ndiye niliyekutuma."

"Najua."

"Kwa nini hukuniambia kwamba unataka nikae nyumbani?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia nyumba iko kimya. Uliniambia mtoto anauliza." Aliniangalia kwa macho yale niliyokuwa nayatafuta wiki nzima. "Wewe mwenyewe hukusema kitu."

Jumapili tulikwenda Mukuju wote watatu, na mtamba nyuma ya pikapu, amefungwa kwa kamba ya mama yangu. Kamba yangu niliiacha Buhehe. Rafiki alitoka mlangoni. Mke wangu alitaka kutangulia, nikamshika mkono nikapita mbele.

"Hakunituma," nilisema. "Hata hakujua. Uliponiuliza, niliogopa."

Mjane aliitazama kamba iliyomfunga mtamba. Kisha bega lake likaanza kutikisika, halafu tumbo, halafu mwili mzima.

"Mimi nilijua! Huyu mke wako hawezi kutuma mtu. Yeye akikasirika nakuja mwenyewe na kelele yake!"

"Sasa kwa nini hukupokea simu?" mke wangu alimuuliza, analia, anacheka.

"Nilikuwa nakasirika pia. Mtu haruhusiwi?"

Wakakumbatiana palepale, na nilihesabu kuwa nimesamehewa, mpaka niliposhikishwa jembe. Mstari mmoja wa wimbi, alisema, ndiyo faini ya kamba. Watu wasiolima hawajui kwamba kuna gugu linalofanana na wimbi kama pacha, na mkulima hulitambua kwa kuligusa shina. Mimi niling'oa wimbi. Niling'oa kwa bidii, nikarundika kando, nikajivunia rundo langu, mpaka binti yangu aliposema, "Baba, mama mkubwa anasema umeacha majani na umeng'oa ugali." Wanawake wawili walikuwa wameketi chini, hawawezi kusimama kwa kicheko. Nilisimama katikati ya mstari nikiwaangalia, na kwa mara ya kwanza nilielewa kile ambacho mke wangu alikuwa akikifuata huku. Nami ningepanda boda kukifuata.

Lakini kuelewa si kuacha kutaka. Jioni, stendi ya Tororo, tukisubiri gari la Busia, binti amelala mgongoni kwangu, nilimwambia mke wangu, "Nina hamu na wewe."

"Hapa? Stendi?"

"Jumapili. Nina hamu na wewe siku za Jumapili."

Aliacha kucheka. Alinifuta udongo wa wimbi shingoni kwa ncha ya leso yake, na watu wakitazama.

"Ungesema hivyo toka mwanzo," alisema. "Haya. Kila mwezi, Jumapili mbili zake, mbili zako."

"Na mwezi ukiwa na tano?"

Alifikiri kwa makini, kama mtu anayekata kitambaa cha bei.

"Ya tano nitalala."

Na hulala kweli. Jumapili ya tano mimi na binti yangu hukaa nje ya mlango, tunawafukuza kuku wasipige kelele, na simu ya Mukuju ikilia naipokea mimi. "Amelala," nanong'ona. "Haya, shemeji," nanong'onezwa kutoka ng'ambo, "mwache alale."